Sauti Iliyobaki Kanisani

Kwaya yetu pale Nyakato, kama kwaya nyingi siku hizi, ilikuwa inaimba kwa flashi. Wimbo uliorekodiwa studio unapigwa kwenye spika, sisi tunacheza na kufungua midomo. Waumini walijua, na nadhani Mungu naye alijua.

Mwimbaji wetu kiongozi alipohamia bongo fleva, kanisa lilimtenga. Video yake ya kwanza aliipigia juu ya mawe ya ziwani, na gauni lake liliwafanya wazee wa kanisa waitazame mara kadhaa kabla ya kutoa hukumu. Nafasi yake nikapewa mimi. Kazi yenyewe ilikuwa kushika maiki iliyozimwa na kufuatisha sauti yake, kwa kuwa nyimbo zote za kwaya alikuwa ameziongoza yeye. Akatengwa mtu, sauti ikabaki. Watu walinipa mkono wakisifu nilivyoimba, nami nikaitikia "Amina".

Mama yake hakuwa akisema naye tangu video ile. Nyumbani kwake Mkolani, wimbo wa binti ukianza redioni, alizima. Lakini Jumapili hakukosa kanisani kwetu, na makanisa aliyoyapita njiani hayahesabiki. Alikaa karibu na spika, ameinamisha kichwa. Mimi nilidhani anaona aibu.

Mwaka huu tukarekodi upya. Nililitaka jambo hilo kwa moyo wote; nilichoka kuwa mdomo wa mtu mwingine. Jumapili ya kwanza sauti yangu ilipotoka, nilifurahi mpaka nikakosea hatua. Mama yule aliinua kichwa, akaitazama spika, kisha akanitazama mimi.

Baada ya ibada nilimfuata nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeimba vizuri." Akageuka kutazama mlango wa kanisa. "Ila ile ya zamani, mtakuwa mnaipiga lini?"

"Haitapigwa tena, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Furaha yangu yote ikaniisha pale pale, na nikakasirika kwamba imeniisha.

"Lakini mwanao yupo redioni kutwa nzima," nikamwambia. "Mfungulie tu."

Akaifunga kanga yake upya kiunoni.

"Huyo wa redioni ni wa watu," akasema. "Mimi nilikuwa nakuja huku kumsikiliza wangu."