Keki ya Mwanangu wa Gunzi

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali wa njano, wa mahindi ya msaada, unaonuka gunia mpaka tumboni. Leo mjukuu wangu kaoka vikeki vya wanasesere kwa udongo wa rangi wa dukani, na harufu ya udongo kwenye moto imenirudisha jikoni kwa mama, kule mtaani Ngokolo.

Keki nilikuwa nimeiona mara moja tu, harusini, nikichungulia dirishani. Ilinitosha. Nilifinyanga ya kwangu kwa udongo wa kisimani, ghorofa tatu, kimo cha kidole gumba. Nikaichoma kwenye majivu ya moto, nikaipaka chokaa, juu nikapachika mbegu nyekundu za mtipitipi. Ilipendeza, nasema kweli! Mwanangu alikuwa gunzi la hindi lililovishwa kitambaa. Nikamketisha mbele ya keki yake.

Akaja binti wa mwenye duka na mwanasesere wa plastiki, anayefumba macho ukimlaza. Alipoiona keki akameza mate.

"Nipe hiyo, chukua huyu."

Dada akanifinya. "Chukua, mjinga wewe! Hilo si tope tu?"

Nilimtamani yule mwanasesere mpaka viganja vikaniwasha.

"Sibadilishi," nikasema. "Mwanangu hajala."

Binti akaondoka analia. Dada akakimbilia kwa mama kunishtaki, akarudi naye, anangoja nichapwe.

Mama akaweka chekeche chini. "Umemwambiaje mwenzio? Rudia nisikie."

Nikaona midomo yake inacheza, kicheko kinatafuta mlango. Nikarudia kwa sauti ya kufika mpaka dukani:

"Sibadilishi. Mwanangu hajala."