Nafasi ya Pili ya Fainali

Harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali inayochoma macho, bado naitambua mara moja. Juzi kijana mmoja aliyeketi karibu nami kwenye treni ya kwenda Selly Oak alikuwa amejipaka, na papo hapo nikarudi nyumbani kwetu Stechford. Nina miaka tisa, nimeketi kwenye ngazi na kaka yangu Tito, magoti yake yananuka dawa hiyo, na sebuleni watu wazima wanaamua hatima yake.

Nikueleze mambo yalivyokuwa. Wazazi wetu, Wakenya, Wasomali na Wakongo wa hapa Birmingham, walikuwa wameanzisha mashindano ya kandanda ya vyuo vya mitaa mbalimbali ili vijana wasipotee. Selly Oak walikuwa wameshaingia fainali bila ubishi. Nafasi iliyobaki iligombaniwa na Kingstanding na timu yetu ya Stechford, ambayo Tito alikuwa nahodha wake. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, lakini pointi tatu tulizipata bila kugusa mpira: ilisemwa kwamba Kingstanding walichelewa kupita dakika kumi na tano zinazoruhusiwa, ushindi tukapewa sisi. Uwanjani hakuna aliyekuwa amewafunga. Fainali ilikuwa kesho yake, hapakuwa na muda wa kurudia mechi, na Tito alikuwa ameambiwa kwamba kocha wa klabu kubwa angekuja kutazama.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mzee Abdi, Msomali aliyelelewa Garissa, alipenda sheria kama wengine wanavyopenda chai, naye alisema dakika kumi na tano ni dakika kumi na tano. Mama Furaha, Mkongo, hakukubali. “Bon,” alisema, “fainali ni ya wale wanacheza, si ya wale wanaangalia saa.” Walibishana hadi mandazi ya mama yakapoa bila kuguswa. Kura zikawa sawa, moja kila upande. Ya tatu ilikuwa ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa baba.

Baba alitazama kule ngazini. Kisha akaniita.

Tito alinishika mkono na kuninong'oneza kwa Kiingereza kwamba niseme sikuona kitu.

“Neema, siku ile ulikuwa uwanjani na kaka yako,” baba alisema. “Uliona nini? Msema kweli ni mpenzi wa Mungu.”

Nilianza kwa Kiingereza, lugha yangu ya kukwepea. Akanikatiza. “Kwa Kiswahili, wote wasikie.”

Kiswahili changu kilikuwa kidogo, hakikuwa na mahali pa kujificha. Nikasema: “Walikuja. Walikuwa wanakimbia, jezi wamevaa. Refa alitaka kungoja. Tito akamwonyesha saa, akasema hapana.”

Hakuna aliyenitazama. Baba alijipangusa uso kwa kiganja. “Kingstanding waingie,” alisema. Nikasikia Tito akipanda ngazi, polepole, kama mzee, na mlango wake ukafungwa.

Mpenzi wa Mungu huenda nilikuwa, lakini siku hiyo sikuwa mpenzi wa mtu yeyote nyumbani. Kingstanding walifungwa mabao manne kwa bila. Yule kocha hakutokea. Tito hakunisemesha mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka, aliponiomba nimsaidie kutafuta glavu zake.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama mfano wa haki ya baba, mtu ambaye hakumpendelea hata mwanawe. Mwaka jana nilimsimulia yeye mwenyewe, nikidhani atafurahi. Aliweka kikombe chini.

“Nilikuwepo,” alisema. “Nilikuwa kwenye geti la uwanja, naegesha gari. Wale vijana walinipita mbio, mmoja ameshika viatu mkononi. Dakika zilikuwa hazijaisha.”

Nilimuuliza mbona hakusema.

“Nilijaribu, mwanangu. Kila nikifungua mdomo namwona Tito pale kwenye ngazi. Nikakutwisha wewe mzigo huo.”

Nilitaka kumkasirikia, na kweli nilikasirika, maana nilikumbuka majuma yale nilipokula chakula nikiangalia sahani. Lakini pia niliona kwamba kile kikombe hakukinyanyua tena. Hukumu aliitoa yeye, na iliyotolewa ilikuwa ya haki. Ila nilikuwa nimekosea kusema kwamba hakumpendelea mwanawe. Alimpenda mno, hata akahitaji mdomo wa mtoto wa miaka tisa kumsemea alichokiona.