Funga Valvu Namba Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Mitaala alinikatia neno. Nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba, mwandishi msaidizi wa mtaala wa mafundi wa gesi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Morogoro. Niliandika kwa uangalifu mkubwa: "Mwanafunzi ataelewa matumizi ya valvu." Akapitisha kalamu nyekundu juu ya "ataelewa."

"Binti, nionyeshe mtu anayeelewa. Anafanyaje? Anakunja uso?"

"Sijui, Mkuu."

"Basi na mpimaji hatajua. Andika kitu cha kuonekana. Anakata. Anapima. Anafunga."

Ninyi mtakaokalia kiti kile baada yangu huenda mtaikuta kazi imebadilika, kwa hiyo nieleze tulivyoifanya. Mtaala wa umahiri haukuanzia vitabuni. Tulianza kwa watu waliokuwa kazini, tukawauliza wanafanya nini tangu wanapovaa kofia ngumu hadi wanapoivua. Huo tuliuita uchambuzi wa kazi. Kila kazi iligeuzwa kuwa umahiri mmoja, na kila umahiri ulianza na kitenzi. Asilimia hazikuwepo. Mwanafunzi alitenda mbele ya mpimaji, akatoka "mahiri" au "bado."

Kwa ajili ya uchambuzi huo nilipelekwa Mtwara, kwenye kituo cha gesi, chini ya Msimamizi wa Zamu, mtu wa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba shinikizo ndani ya bomba halionekani, na kwamba geji, kile kipimo cha duara, ndiyo jicho la fundi. Nikamuuliza, endapo geji imekufa? Endapo msomaji ana ukungu kwenye miwani? Endapo amepiga chafya?

"Bi Endapo," akasema, "hata gesi yenyewe haina wasiwasi kama wewe."

Jina hilo lilinitangulia kurudi Morogoro.

Rasimu ilipofika mbele ya jopo la kupitisha mtaala nilihofia kila kitu. Nilihofia mkato kwenye ukurasa wa kwanza, nikahofia saizi za glavu, nikahofia neno "takriban" hadi Mkuu akaninyang'anya karatasi. Neno "funga" halikunisumbua hata kidogo. Nani asiyejua kufunga?

Ikafika siku ya upimaji wa majaribio. Karakana yetu inatazama milima ya Uluguru, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mabomba ya mazoezi yalijazwa hewa badala ya gesi. Wa kwanza kuingia alikuwa Mwanaidi, msichana wa Mgeta aliyefundishwa ufundi bomba na mjomba wake. Nafasi za mafunzo kazini Mtwara zilikuwa chache. Ambaye angepata "bado" siku ile angebaki nyuma, na yeye alijua. Kadi yake ilisema: "Funga valvu namba mbili, kisha soma geji."

Mezani kulikuwa na valvu ya akiba, yenye namba ileile, iliyowekwa kwa zoezi la mchana. Mwanaidi akasoma kadi, akaisogeza valvu ile karibu, akachukua spana, akaanza kulegeza bolti za bomba.

Hewa ikapiga mluzi. Sikuwa nimemaliza kujiuliza mluzi ule ni wa nini, ukasikika mshindo mkavu, na kipande cha gasketi, ule mpira wa kuzibia maungio, kikaruka kikagonga bati la paa. Mhandisi Mpimaji akapiga kitufe chekundu. Hakuna aliyeumia. Nilikaa juu ya sanduku la vifaa, nikiwaza neno moja tu: ingekuwa gesi.

"Bado!" Mhandisi akafoka. "Tena huyu arudi Mgeta akalime kabichi!"

Mwanaidi alimgeukia, spana bado mkononi. "Kwani nimekosa nini? Si nimeambiwa nifunge?"

"Ulikuwa unafungua!"

"Nalegeza bomba ili niifunge valvu. Utaifungaje bila kulegeza? Mjomba kafunga mabomba Mgeta nzima, hivihivi."

Hapo ndipo nilipolisikia upya neno "funga." Nikainuka, nikamgeukia Mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mkuu, naomba tuwaulize walio nje."

"Bi Endapo, si sasa."

"Tafadhali, Mkuu. Kabla hajaandikiwa."

Tukatoka. Wenzake walikuwa benchini wakisubiri zamu, macho yamewatoka kwa ule mshindo. Mkuu akauliza, "Nikikwambia funga valvu, unashika nini?"

Kijana wa Ngerengere akazungusha kiganja hewani, kama anayefunga maji ya koki. Jirani yake, aliyewahi kufunga pampu kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa, akajibu bila kufikiri: "Spana, Mzee. Namba ngapi?"

Wenzao wakacheka. Mkuu hakucheka. Aliketi katikati yao pale benchini, akavua miwani.

"Tumefukuza kuelewa," akasema taratibu, "na sisi wenyewe hatukuelewana."

Kadi iliandikwa upya: "Soma geji. Zungusha mkono wa valvu hadi hewa ikome." Kwa zoezi la mchana, la kuweka valvu mpya kwenye bomba, tukaandika "pachika." Mwanaidi alipimwa tena, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko wangu. Mhandisi akasema, "Mahiri." Kisha, akiangalia pembeni, "Na ya kabichi, unisamehe."

Mkataba wangu umekwisha. Wenzangu wananicheka, eti nimestaafu kabla ya mvi. Lakini mshtuko ule haujastaafu.

Juzi mama alileta mtungi mpya wa gesi. Baadaye nilisimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, naye akapaza sauti kutoka uani: "Gesi nimeshafunga!"

"Kufunga kupi, mama?"

"Wewe nawe! Kufunga si kufunga?"

Nikaweka kiberiti mezani. Kisha nikasikia ndala zake zinarudi jikoni, mbiombio.