Nani kampaka mafuta?

Jamani, mikono yangu bado inateleza.

Leo huku Chang'ombe wifi yangu alikuwa anajifungua ndani ya bwawa dogo la maji, hospitali ya kulipia. Ghafla akazimia humo humo.

Nesi akapiga kelele, "Kichwa kisizame! Tumtoe!"

Tukamshika mabega, akaponyoka. Tukamshika tena, akaponyoka!

"Nani kampaka mafuta?" nesi akafoka.



(Asubuhi mama yangu alimkanda mafuta ya nazi mwili mzima, eti mtoto ashuke vizuri.)

Nesi akaivuta khanga yangu, akaipitisha mgongoni kwa wifi hadi makwapani, ndipo tukaweza kumtoa.

Sasa yuko kwa daktari. Mlango umefungwa. Mtoto hatujamsikia akilia.

Mama yuko bombani, ananawa mikono, anapaka sabuni, ananawa tena.

Nyie, mie nimwambie nini?