Suti Iliyolowa Ukweni

Mwanangu, siku moja ya mwezi wa saba haijanitoka kichwani hadi leo. Nilitoka Kanduyi kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Nekesa, huyu mke wangu anayecheka hapo mlangoni. Kwao ni juu ya Cheptais, na mwendo wa mwisho ni wa miguu. Nilivaa suti nzito ya kuazima. Mvua ikanikuta mlimani, nikafika nimelowa mpaka soksi.

Kaka yake Nekesa alinionyesha chumba na shati kavu, nikakataa. Mkwe avue nguo katika nyumba aliyomo mama mkwe? Kwetu hiyo ni aibu kubwa, na mimi nilikuwa na adabu nyingi kuliko akili. Nikajiambia suti itakaukia mwilini.

Haikukauka. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili, na upepo wa mlimani ukiipuliza hunyonya zaidi. Nilitetemeka hadi chai ikamwagika. Kisha kutetemeka kukakoma, nami, mjinga wa kutupwa, nikafurahi nikidhani nimepata nafuu. Kumbe mwili ulikuwa umechoka kupigana. Wazee waliponiuliza ukoo wangu, ulimi ukawa mzito, nikajibu mambo yasiyoeleweka. Baba yake Nekesa akasimama, akasema hatamwoza bintiye kwa mlevi. Nekesa alianza kulia.

Aliyeniokoa ni nyanya yake, ambaye alinishika mkono tu, akaukuta wa baridi kama jiwe.

"Huyu hajalewa," akasema. "Hiyo nguo ndio imemaliza joto yake. Wewe kijana, mficha uchi hazai. Toa hiyo suti. Mimi ni nyanya, si mama mkwe."

Akawatoa watu, nikavuliwa, nikapanguswa, nikafunikwa blanketi mbili, nikanyweshwa uji moto kidogo kidogo. Jioni nilitaja ukoo wangu hadi babu wa babu, nimevaa koti la marehemu mume wa nyanya lililonifika magotini. Baba mkwe alicheka, kisha akaniomba radhi.

Basi mwanangu, ukilowa kwenye baridi, vua kwanza, salamu baadaye. Blanketi juu ya nguo yenye maji ni kazi bure. Na ukimwona mwenzako ameacha kutetemeka na maneno yanamponyoka, usimwite mlevi kabla hujamgusa mkono. Heshima ni njema, lakini maiti haiposi.

Mungu akujalie nguo kavu, na ukweni kwenye nyanya.