Skrubu ya Saa ya Mjerumani

Jamani, leo nimeponea chupuchupu. Au bado sijapona, sijui.

Mnaijua ile saa ya ukutani ninayohangaika nayo jioni, niliyouziwa na Mjerumani kabla Waingereza hawajamchukua wakamfunge kwa ajili ya hii vita yao na Ujerumani. Ilikuwa imekosa skrubu moja tu.

Nikaingia duka la vyuma la Kalasinga. "Naomba skrubu ya milimita tatu."

Kalasinga akanong'ona, "Hapa tunauza za inchi. Milimita ni za Wajerumani."

Nageuka, askari yuko nyuma yangu!

Na wanasema ukikutwa na mali ya Mjerumani unafungwa.

Nikatoka. Buti zikanifuata hadi njia ya Ngaramtoni.

"Wewe wa milimita! Simama."

Nikasimama. Akatazama huku na huku, akatoa skrubu mfukoni.

"Ilibaki nilipotengeneza cherehani ya mke wangu. Ya Kijerumani pia. Ijaribu, kesho nitakuja kuona."

Imeingia sawasawa. Saa inagonga, nimeifunika blanketi na bado inasikika.

Sasa niambieni, ndugu zangu: kesho anakuja kama mwenzangu, au anakuja kama askari?