Kilio cha Nyumba ya Watu

Dokta Pokuaa alikuwa na kanda mia nne za kilio. Zilijaa ofisini kwake, idara ya fasihi, chuo kikuu kule Accra, zimepangwa ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji. Miaka ishirini na saba aliwafuata wanawake wa Kiashanti misibani, akiwarekodi wakimlilia maiti kwa kuwataja mababu zake mmoja mmoja na miji walikotoka. Aliandika vitabu viwili. Mume alichoka kula peke yake akaenda zake, na watoto Mungu hakumjalia. Kila Jumamosi ilimkuta matangani kwa watu asiowajua, na Jumapili nyumbani na chai yake, akisikiliza kanda.

Mama yake, Bi Akyaa wa Mampong, alisifika kwa kulia kuliko wote waliorekodiwa kwenye kanda zile.

"Na mimi utanirekodi lini?" aliuliza kila simu ilipopigwa.

"Mama, wewe hukimbii. Acha nimalize haya makaratasi ya kupandishwa cheo."

"Haya, mwanangu. Endelea na mama za wenzako."

Akaendelea. Cheo kimoja kikazaa kingine, leo kesho, leo kesho. Mwezi Agosti barua ya uprofesa ikatoka. Siku nne baadaye Bi Akyaa akafariki usingizini.

Maiti ilikaa mochwari wiki sita, kama ilivyo kawaida ya huko, na Pokuaa, binti mkubwa, alihangaika na maturubai, mabango na vitambaa vyekundu na vyeusi. Kilio hakikumtia hofu hata chembe. Mtu mwenye kanda mia nne akose la kusema?

Asubuhi ya mazishi mama alilazwa kwenye kitanda cha shaba, amevishwa dhahabu. Wanawake wakamngoja binti aanze, maana ni haki yake. Pokuaa akafungua kinywa, na lo, sauti ikatoka! Majina yakamiminika, machozi yakayafuata, wanawake wakaitikia. Kisha mmoja akanyamaza. Akanyamaza na wa pili. Mwishowe alisikika yeye tu.

Mama mdogo Dufie alimsogelea, akamshika kiwiko. "Dokta, unamlilia nani?"

"Mama."

"Mama wa nani? Hao ni mababu wa watu wa Bekwai. Wenyewe wako kwao, wala hawajafiwa!"

"Kasoma mpaka kapitiliza," mtu akasema nyuma, na vicheko vikazimwa kwa vitambaa.

Aibu ilimshika Pokuaa. Alitafuta kichwani majina ya nyumba yao, akakuta ya nyumba zote isipokuwa hiyo. Mganga hajigangi, husema watu, lakini huyu hata dawa yake hakujua iko wapi.

"Nifundishe, mama mdogo," alinong'ona.

"Mimi ninayo matatu tu. Dada alikuwa nayo kumi na moja. Nilimwomba anipe yote, akasema hapana, anamtunzia Dokta."

Mkono wa Pokuaa ukaingia mkobani kutafuta kinasa sauti. Hata hakujua kama umeingia. Dufie akauchapa kofi.

"Toa mkono huko! Majina yatie kinywani."

Akamtamkia sikioni mara mbili, kama anayemlisha mtoto. Pokuaa akarudi kitandani kwa mama yake, akaanza upya. Afrakoma. Wanawake wakaitikia. Tabi. Wakaitikia. Boaduwaa. Wakaitikia, wakangoja la nne.

Hakuwa nalo. Alimtazama aliyekuwa nalo, amelala na pamba puani.

"Mama," akasema.

Hakuna aliyeitikia, kwa kuwa hilo halikuwa jina la babu yeyote. Kwenye la tano akasema tena, "Mama." Aliendelea hivyo, peke yake, akihesabu kwa vidole, mpaka yakatimia kumi na moja.